Sanda ya Aliye Hai

Sehemu ya Sita

Mliniacha nyuma ya nyumba yetu Shika Adabu, Jumamosi asubuhi, mwiko mkono huu, simu mkono huu, na Kadenge dereva akiniambia kwa sauti ya mfiwa, "Tuko kwenye foleni ya feri, dada. Tunakuja wote. Na sanda tunayo."

Kwa mgeni wa kisa hiki nitarudia kidogo. Kidogo tu, maana aibu haina utamu ikipashwa moto.

Mimi ni Nyamvula. Kazi yangu ni kumlea Fenna, mtoto wa miaka sita wa Waholanzi waliopanga nyumba Mkomani. Baba yake ni fundi wa kreni za bandarini. Mama yake hufanya kazi nyumbani, mbele ya kompyuta, viatu amevua. Jumatatu hadi Ijumaa ni watu kama watu. Ikifika Jumamosi huingiwa na wazimu wa kutembea. Kwenye mlango wa friji wamebandika karatasi yenye Jumamosi zote za mwaka, na kila moja ina jina la mahali kwa wino wa kijani. Kilichoandikwa kwa wino ule hakifutwi na mvua wala homa.

Nami huwamo safarini, nitake nisitake. Mama Fenna hudhani ananipa zawadi. Huniambia mimi ni mtu wa familia, huku akinitwisha mkoba wa maji, mkoba wa taulo, na mtoto.

Nimewasimulia tumbili alivyomnyang'anya Baba Fenna miwani akaivaa yeye. Nimewasimulia gari lilivyozama mchangani maji yakijaa, kwa sababu ramani ya simu ilisema pale pana barabara. Nimewasimulia mkungu wa ndizi za kupika walioununua Kongowea wakaungoja siku kumi uive, na mkokoteni wa kabichi uliomkanyaga Baba Fenna siku hiyo hiyo, akiwa amesimama katikati ya njia akiupiga picha. Tulicheka pamoja. Wiki hii mtacheka peke yenu.

Hawe Jumwa ndiye bibi aliyenilea; hawe kwetu ni bibi. Miaka minne alikaa haoni, mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwezi uliopita akapasuliwa. Mimi ndimi niliyempeleka, kisha nikarudi kazini kabla bandeji hazijatolewa. Kwa hiyo Hawe alipofumbua macho aliwaona majirani, akawaona kuku, akamwona Mama Lynnette wa chama cha akina mama kanisani. Mimi hakuniona.

Wakapanga maombi ya shukrani, Jumamosi hii. Hawe akanitumia maneno mawili tu: njoo nikuone.

Nikaomba ruhusa Jumatano, jikoni, saa nne asubuhi. Mama Fenna akaitazama karatasi ya friji. Jumamosi hiyo ilikuwa ya pomboo. Mashua ilikwisha kulipiwa. Akasema kwa upole kwamba ruhusa ya Hawe nilishapewa mwezi uliopita, na nyingine imeandikwa, ni baada ya wiki mbili. Hawe angenisubiri. Pomboo wasingesubiri.

Katika mji huu aliye hai haombewi ruhusa. Ruhusa ni ya maiti. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Hawe amefariki."

Hayo niliyasimulia wiki jana, na baadhi yenu mmeshaniita majina. Mna haki. Lakini hamkumwona Mama Fenna alivyolia. Alidhani ni upasuaji uliomwua. Alinikumbatia mpaka nikapaliwa. Akachukua kalamu, akafuta pomboo, akaniambia niende siku hiyo hiyo. Sikungoja kuona anaandika nini mahali pake.

Sasa nilijua alichoandika. Aliandika Shika Adabu.

* * *

Nilipenya hadi nyuma ya choo, mahali ambapo hata kuku hawasikilizi, nikamwambia Kadenge ukweli wote. Hawe hajafa. Yuko hapa mbele, chini ya turubai, kavaa kitenge kipya.

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa; Kadenge ameshuka asisikiwe. Ni mtu wa kwetu bara hivi, wa Kaloleni, na mambo ya mazishi kwake si mchezo.

"Nyamvula," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimelia. Nimelia mbele ya Mzungu."

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba na jambo la pili: aseme gari limeharibika. Akanijibu kwamba leo hata usukani hana. Baba Fenna ameamua kwamba siku ya msiba dereva naye ni mfiwa, amemketisha nyuma pamoja na maua. Na sanda ilitoka wapi? Mama Fenna alimwuliza yeye Kadenge watu wa kwao hupeleka nini kwa aliyefiwa, naye akamwambia ukweli: wa mbali hupeleka unga na sukari, wa karibu hupeleka sanda. Mama Fenna akasema yeye ni wa karibu.

"Basi waambie wewe," nikamsihi.

"Niwaambie nini? Kwamba mwenzangu ni mwongo? Uliyemwua mfufue mwenyewe." Simu ikakatika.

Nataka mnielewe hapa. Kazi naipenda, na matone ya macho ya Hawe, asubuhi na jioni, hutoka kwenye kazi hiyo. Lakini hata kazi haikuwa hofu yangu kubwa. Hofu yangu ilikuwa moja: Hawe asije akajua kwamba nilimfisha kwa mdomo.

Hawe Jumwa haogopi nyoka. Haogopi njaa. Anaogopa uchuro. Nyumbani kwake husemi umekufa kwa njaa; unasema una njaa. Ukilala na shuka kichwani, huivuta, hata saa nane za usiku, na kukuambia kwamba kichwa cha aliye hai hakifunikwi kwa nguo ya kulalia. Anasema neno la kifo ni kama mbwa: ukiliita jina, halikawii.

Nami nilikuwa nimeliita, kwa jina lake, jikoni kwa watu.

Jumatano ile ile jioni nilipofika, alinishika mashavu akanigeuza kwenye mwanga. Alinitazama kama mtu asomaye barua aliyoingoja. Akasema kumbe nimekuwa mrefu. Akasema nina macho ya marehemu mwanawe. Kisha akasema, "Uso huu hauna siri. Macho yangu yamerudi kwa ajili ya uso huu."

Nilienda kulala bila kula.

* * *

Mpango wangu ulikuwa mdogo, wa kijinga, na ndio pekee. Ningewazuia barabarani. Ningewaambia maiti imesafirishwa alfajiri kwenda Kaloleni, mazishi yamekwisha, asanteni, rudini. Ningelia kidogo. Kulia kusingenishinda.

Nikamwambia Hawe naenda dukani kununua chumvi.

"Chumvi ipo," akasema.

"Haitoshi."

"Wageni ishirini, chumvi kilo mbili haitoshi? Mnapika bahari?"

Akina mama wakaangua kicheko. Alikuwa na miwani myeusi ya hospitali, mikubwa, amekaa katikati ya wenziwe kama bibi harusi. Nilimwacha akicheka.

Nikasimama kwenye lami penye kona ya kuingilia kwetu, mahali ambapo kila gari litokalo feri halina budi kupita. Jua lilinichoma utosini. Yakaja magari ya watalii, yakaja malori, ikaja pikipiki imebeba kitanda. Mzee Mwarandu, jirani, alipita na baiskeli akanipongeza kwa Hawe kuona tena, akasema Mungu hakawii. Nikamwitikia amina huku nimekodolea macho upande wa feri.

Gari jeupe la Mkomani halikuja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na feri katikati, na bado ikawa fupi.

Maana nilichosikia baadaye, kutoka nyumbani, si kelele. Ni ukimya. Akina mama wetu wakishika wimbo hawaukati katikati ya ubeti. Hata mvua hungojeshwa. Na wimbo ulikuwa umekatika kama uzi.

Nikakumbuka ramani ya simu. Baba Fenna huiamini kuliko mtu yeyote aliyezaliwa mahali hapo. Ile ile iliyomwingiza baharini, leo ilimpitisha uwanja wa mpira wa shule, nyuma kabisa, mpaka mlangoni kwetu.

Nilikimbia.

* * *

Walikuwa wameshashuka. Baba Fenna ndani ya suti nyeusi, jasho likimchuruzika, ameshika shada la maua kama sahani ya moto. Fenna ana karatasi aliyochora. Kadenge amesimama kando ya gari, macho chini. Na Mama Fenna, amevalia nyeusi tangu kitambaa cha kichwani hadi viatuni, amepiga magoti mchangani mbele ya ajuza wa kwanza aliyemwona.

Kiswahili chake ni cha mwalimu. Safi, cha polepole, hakikosei. Tangu afundishwe shikamoo huiamkia dunia nzima, hata watoto wa chekechea. Safari hii, kwa mara ya kwanza, ilimfikia anayestahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona weusi mtupu na jua hili?"

"Pole kwa msiba."

Hawe ni mtu wa Pwani. Kwanza adabu, maswali baadaye. "Tumeshapoa," akaitikia. "Msiba wa nani, mwanangu?"

"Wa Bibi Jumwa, nyanya yake Nyamvula. Aliomba kuja kumwona, mimi nikamnyima ruhusa. Nimekuja kuomba msamaha kwa ndugu zake."

Kayamba la Mama Lynnette lilimponyoka likaanguka, na mbegu zake zikalia peke yake pale chini.

Hawe aligeuza kichwa taratibu. Alipita uso wa huyu, akapita uso wa yule, mpaka akanipata nyuma ya masufuria, kifua kinanipanda na kushuka, mikono mitupu. Hata chumvi sikununua. Akavua miwani. Akanitazama.

Nilisema nini wiki jana? Kwamba naweza kudanganya mtu yeyote. Basi jaribuni kuyadanganya macho yenye mwezi mmoja.

Akarudisha uso kwa Mama Fenna. Akakaa vizuri. Akavuta pumzi.

"Jumwa alikuwa mwanamke mwema," akasema. "Mdomo ulikuwa mrefu kidogo, lakini mwema. Mimi ni dada yake."

"Hawe!" Mama Lynnette akashtuka.

"Nyamaza, Mama Lynnette. Aliyefiwa ni mimi, si wewe."

Hajawahi kusema uongo yule. Mimi nikiwa mtoto alinichapa kwa uongo wa kipande cha muhogo. Na leo, siku ya kumshukuru Mungu, mbele ya chama kizima, alisema uongo mweupe kama mchana, bila kupepesa, kwa ajili yangu.

Akina mama walitazamana. Kuna aliyetaka kucheka na kuna aliyetaka kuondoka. Kisha mmoja, sijui nani, akaanzisha wimbo wa maziko, pengine kwa kukosa la kufanya. Wengine wakamfuata. Wakamwimbia Hawe Jumwa maziko yake mwenyewe, naye akiwa kati yao anaitikia kiitikio.

Mama Fenna akafungua mfuko. Akatoa sanda, bafuta nyeupe, nzito, imekunjwa kwa upole wa mtu aliyeipiga pasi. Akaitoa kwa mikono miwili, kama alivyoelekezwa na Kadenge.

Nilijua Hawe hataipokea. Atakataa kwa hila, atasema iwekwe mkekani, atamwambia mwingine aishike.

Aliipokea. Kwa mikono miwili.

* * *

Tungeweza kupona. Nawaambia, tulikuwa hatua tatu kutoka kupona. Mama Fenna alikuwa ameshainuka, anajipangusa magoti, anauliza kaburi liko wapi ili waweke maua, na Mama Lynnette, namshukuru mpaka leo, alikuwa ameshaanza kuonyesha upande wa mihogo.

Ni Fenna.

Mtoto yule Kiswahili hakujifunza kwa mwalimu. Alikipata kwangu, jikoni na kitandani, chakula cha mchana na usingizi wa mchana. Na kila siku kabla ya kulala huniomba hadithi ile ile: jogoo alivyoidonoa hereni ya Hawe mpaka ndewe ya sikio ikachanika. Nimwonyeshe na picha, kwenye simu. Alitazame sikio. Ndipo alale.

Akamsogelea Hawe karibu, pua kwa pua. Akanyoosha kidole kimoja, akaligusa sikio.

"Mama," akasema, "huyu ndiye Hawe aliyekufa."

Wimbo ukafa kwa mara ya pili.

Mama Fenna alilitazama lile sikio. Akanitazama mimi. Sikuwa najificha tena, nilikuwa nimesogea bila kujua.

"Nyamvula. Bibi Jumwa ni nani?"

Hawe alikuwa amenifungulia mlango. Ningeweza kupita tena. Ningesema dada wa Hawe naye alidonolewa na jogoo. Neno lilikuwepo ulimini, tayari, limeshavaa viatu. Lakini niliiona ile bafuta kwenye mapaja ya Hawe, nikashindwa.

"Ni yeye," nikasema.

Nilingoja Mama Fenna anipigie kelele. Kelele ningeijua la kuifanya. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake kisichokosea, "Siku tatu silali. Nilidhani mimi ndiye niliyekunyima kumuaga."

Nikamwambia pole. Jamani, pole, kutoka kinywani mwangu.

Baba Fenna alimwuliza Kadenge kinachoendelea. Kadenge akamweleza. Yule bwana akatoa kicheko kimoja, cha mshtuko, kisha mkewe akamtazama akakimeza. Aliliweka shada lake juu ya kiti kilichokuwa wazi, kwa heshima zote, kana kwamba kiti ndicho kilichofiwa.

Mama Fenna akatazama saa. Watu wale hata moyo ukivunjika hutazama saa. Akasema watakaa garini dakika kumi. Nikienda, tutazungumza njiani. Nisipoenda, ataelewa. Akamshika Fenna mkono, wakaondoka, na Fenna anageuka nyuma kila hatua, ananipungia.

* * *

"Nyamvula," Hawe akaita.

"Abee, Hawe."

"Nilikufa lini?"

Hakuwa na hasira. Hasira ningeifurahia.

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Akafikiri. "Jumatano saa nne nilikuwa hapa mlangoni, natazama kuku. Nashangaa kumbe yule niliyemwita mweusi ana madoa. Miaka minne namlisha na sijui." Akanigeukia. "Kwa nini?"

"Nilitaka kuja unione."

"Ukaniua ili nikuone."

 

Kadenge alikuja kutoka garini, akiona haya kuliko mimi. Alimwamkia Hawe, akamwambia ampe ile bafuta airudishe dukani. Mama Lynnette akasema isirudishwe, ichomwe, na majivu yatupwe maji yakipwa. Kila mtu akawa na lake.

Hawe aliwaacha wakachoka.

"Sanda isiyotakiwa huachwa mkekani," akasema. "Ikishapokelewa kwa mikono miwili, hairudi; hungoja wa kumfunika. Nami nimeipokea. Mlikuwa mkinitazama."

Ndipo nikaelewa. Alijua. Alipoinyoosha ile mikono miwili alijua anachopokea na kutoka kwa nani, na alijua bei yake kuliko mtu yeyote chini ya turubai lile. Aliichukua ili mimi nisifukuzwe kazi. Kifo nilichomwitia kwa mdomo, yeye alikipokea kwa mikono, ili kazi isinitoke. Na kazi yenyewe ilikuwa pale garini, inahesabu dakika.

Akainuka. Akaikunjua bafuta, akaweka ncha moja kwenye paji la uso wake, akaiacha ishuke. Ilifika chini, ikaendelea, ikajikusanya miguuni kama maziwa yaliyomwagika. Hawe amepungua kwa uzee. Mimi mwenyewe nampita kichwa kizima.

"Ndefu," akasema. "Hii si yangu. Njoo hapa."

Nikaenda. Ningekataaje?

Akaniwekea ncha utosini, akaacha shubiri moja ya kufungia juu. Akainama mpaka kwenye visigino vyangu, akapima shubiri moja ya kufungia chini. Hapakubaki hata upana wa kidole. Akina mama waliguna pamoja, mguno mmoja, mzito.

Kadenge alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Mwenye duka aliuliza kimo," akasema, hamtazami mtu. "Mimi Hawe sijawahi kumwona. Nyamvula husema kafanana na bibi yake. Nikamwambia apime wa Nyamvula."

 Garini honi ikalia mara moja, fupi, ya adabu. Kadenge akarudi mbio.

"Hii ikikufunika wewe, utalala chini ya neno lako peke yako," Hawe akasema. "Mimi sitaki. Ikikunjwa na watu wawili wa damu moja, neno la kifo hulala ndani, halimfuati mtu. Nitaiweka chini ya godoro na tutaisahau. Lakini sanda haikunjwi na mtu mmoja, wala haikunjwi kwa haraka. Mikunjo saba, kila mkunjo na dua yake." Akaniwekea ncha mbili mikononi, akarudi nyuma na ncha zake mbili, mpaka bafuta ikanyooka kati yetu. "Shika. Au nenda, gari linakungoja. Sikukamati."

Dakika sita zilikuwa zimekwisha, pengine saba. Nikaishika.

Tukaikung'uta mara moja kutoa vumbi. Ikapanda, ikajaa upepo, ikashuka.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulifikiria, ingawa mimi ndiye niliyelifundisha. Mkomani, siku ya kufua, mimi na Mama Fenna hukunja mashuka makubwa uani. Yeye ncha hizi, mimi ncha hizi. Tukiyapandisha, Fenna hukimbia chini yake kabla hayajashuka, nasi tunamwangushia, akabaki mle ndani anacheka mpaka tumtafute. Ndio mchezo anaoupenda kuliko pomboo, kuliko twiga, kuliko Jumamosi zote zilizo kwenye friji.

Niliusikia mlango wa gari. Nikadhani ni Mama Fenna, dakika zimekwisha.

Hawe alikuwa amefumba macho kwa dua ya kwanza. Bafuta ilikuwa juu, nyeupe tupu, hewani. Honi ya pili ikalia, ndefu, na katikati ya ile honi nikasikia viatu vidogo vinakuja mbio mchangani na sauti ninayoijua kuliko yangu ikiniita jina.

Mama Lynnette akapiga ukemi. Hawe akashtuka, ncha zikamtoka mikononi. Mimi zangu nilizishika, kwa nguvu zangu zote, na hazikusaidia kitu.

Sanda ikamshukia mtoto wa watu kutoka utosini mpaka kwenye viatu, na mle ndani yake, mbele ya macho mapya ya Hawe, akasimama tuli anacheka, anangoja nimtafute.